Uraibu wa milimita tisa

Leo naweka kando mambo ya PHP na hifadhidata, nizungumzie vigarimoshi. Usicheke kwanza. Nina maana vile vidogo kabisa, ambavyo kichwa chake unakificha kiganjani na bado kinavuta mabehewa na kupiga kona. Watu wazima, wenye kazi na familia, wamekuwa wakivijenga kwa zaidi ya miaka 60 kule Ujerumani, Japani, Uingereza na Marekani. Sisi tuna neno linalowafaa kabisa: uraibu. Ni burudani uipendayo, na ni hicho hicho usichoweza kukiacha. Walinaswaje?

Jibu la haraka ni nafasi. Kabla ya hapo skeli iliyotawala ilikuwa H0, yaani 1:87, reli zake zikiwa na upana wa milimita 16.5. Njia nzima ya H0 yenye stesheni na milima ilimeza chumba, na nyumba za mijini baada ya vita hazikuwa na chumba cha kumezwa. Mwaka 1960 kampuni ya Arnold ya Nuremberg ilitoa vigarimoshi vya Rapido kwa skeli ya 1:200. Mwaka huo huo Lone Star ya Uingereza ilikuwa na vyake vya umeme. Mwaka 1962 Arnold wakatulia kwenye 1:160, reli ya milimita 9. Hesabu ni rahisi: reli ya kawaida ya Ulaya ni milimita 1,435, gawanya kwa 160 upate 9 kasorobo ya unywele. Skeli ikaitwa N, kwa kuwa tisa huanza na herufi hiyo kwa Kijerumani, Kiingereza, Kifaransa na Kiitaliano. (Kwa Kiswahili ingekuwa T, lakini T imechukuliwa, subiri.)

Ila nafasi peke yake hainishawishi. Kitu kidogo kinanunuliwa, kinachezewa Krismasi, kinarudi kabatini. Kilichowashika watu, kwa maoni yangu, ni kulabu. Arnold walikuwa na kulabu yao ya kuunganishia mabehewa, na wakaruhusu makampuni mengine kuitumia. Basi behewa la huyu likavutwa na kichwa cha yule. Mwaka 1965 Wajapani tunaowajua kwa jina la Kato waliingia kwenye N, mwaka 1969 wakaja Fleischmann. Mnunuzi hakufungwa kwa duka moja. Sisi tunaoandika programu tunajua thamani ya jambo hilo.

Si kwamba kila kitu kilinyooka. Waingereza waliona mota hazienei ndani ya vichwa vyao vyembamba, wakatanua mwili hadi 1:148 na kuacha reli ile ile ya milimita 9. Wajapani, ambao reli zao nyingi ni za milimita 1,067, walichagua 1:150 kwa treni hizo, lakini Shinkansen ikabaki 1:160 kwa sababu inapita kwenye reli pana. Matokeo: treni za skeli tatu tofauti kwenye reli moja, na hakuna anayelalamika sana. Reli ndiyo mkataba, mwili ni hiari.

Halafu ikaja hatua ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 1973 huko California, Jim FitzGerald, Ben Davis na wenzao walianzisha NTRAK. Kila mtu ajenge ubao wake nyumbani, wa kawaida ukiwa futi 4 kwa 2, wenye njia tatu za reli upande wa mbele. Walichokubaliana hasa ni ncha: njia zikae wapi, ubao uwe na kimo gani, umeme uunganishwe vipi. Katikati, jenga upendacho, jangwa au soko la samaki. Siku ya maonyesho mnaunganisha mbao zenu ukumbini na garimoshi linapita kwenye kazi ya watu ambao huenda hawajawahi kuonana. Hicho ni kiolesura kamili! Na angalia mtego wake: ubao mmoja si reli. Ni kipande kinachoanza ukingoni na kuishia ukingoni. Ili garimoshi lako lifike mahali, unawahitaji wengine, na wewe ukikosa kuna pengo.

Sasa linganisha na Märklin. Mwaka 1972 walizindua Z: 1:220, reli ya milimita 6.5, kazi iliyoongozwa na mhandisi Helmut Kilian. Walichagua herufi ya mwisho ya alfabeti wakiamini hakuna atakayeshuka chini ya hapo. Kona yake ndogo kabisa ina nusu kipenyo cha milimita 145, kwa hiyo watu walijenga miji ndani ya mikoba ya ofisini. Mwaka 1978 kichwa kimoja kilikimbia saa 1,219 bila kusimama, kilomita 720. Nimepiga hesabu: kwa kipimo chake ni kama kilomita 130 kwa saa, zaidi ya siku 50 mfululizo. Lakini kwa miaka mingi Z ilikuwa karibu mali ya kampuni moja, nayo ni ghali na inadai usafi. Ukigawa urefu wa H0 kwa 2.5, uzito unagawanyika kwa 16 hivi, gurudumu halikandamizi reli, na punje ya vumbi inakata umeme. Nawastahi watu wa Z, ila wamebaki wachache kando ya wale wa N.

Wajapani wa Eishindo waliivunja ile alfabeti mwaka 2007 kwa T, skeli ya 1:450, reli ya milimita 3. T ni ya tatu kwa Kiingereza, na kwa bahati hata kwetu. Magurudumu yana sumaku ili yashike reli.

Na kwetu? Reli yetu ya zamani ni ya mita moja. Gawanya kwa 160 upate milimita 6.25, yaani karibu kabisa na reli ya Z. Wapenzi wa reli nyembamba za Uswisi hufanya hivyo hivyo: mwili wa N juu ya reli ya Z. Kwa hiyo Garratt ya daraja la 59, kama ile 5918 iliyoko makumbusho ya reli Nairobi, yenye urefu wa zaidi ya mita 31, ingetoka sentimita 20 hivi. Na SGR, iliyofunguliwa mwaka 2017 kwa upana wa 1,435, ingepita kando yake kwenye milimita 9. Ubao wa futi 4 kwa skeli hiyo ni mita 195 za nchi. Mimi ningeanza na Voi.