Florent Ibenge: kocha aliyetuvusha Ruzizi tukiwa na bendera

Kwa wapenzi wa kabumbu wa Bukavu, tarehe 7 Februari si tarehe kama nyingine. Tarehe 7 Februari 2015, Léopards walichukua nafasi ya tatu katika Kombe la Afrika huko Malabo. Tarehe 7 Februari 2016, walinyanyua kombe la CHAN mjini Kigali. Tarehe 7 Februari 2024, huko Abidjan, wachezaji wetu walisimama wakati wa wimbo wa taifa wakiwa wameziba midomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili kichwani kwa mkono wa pili, ili dunia ione kinachotendeka huku mashariki.

Tarehe mbili za kwanza ni za mtu mmoja: Florent Ibenge. Ile ya tatu ilikuwa chini ya kocha mwingine, Mfaransa Sébastien Desabre. Lakini ukikaa na mashabiki wa Kadutu au Bagira, mazungumzo yakianza na Abidjan, hayachukui dakika kumi kabla ya kurudi kwa Ibenge. Wako wanaomsifu mpaka sauti inakauka. Wako wanaomlaumu mpaka leo. Tukumbushane basi, maana vijana wetu wengi waliozaliwa juzi wanajua jina tu, na mambo yenyewe hawayajui.

Alitoka wapi

Ibenge alizaliwa Mbandaka, Equateur, mwaka 1961. Alikulia Ufaransa, huko akacheza na huko akaanza kazi ya ukocha katika timu za madaraja ya chini. Mwaka 2012 alikuwa China, akashika kwa muda timu ya Shanghai Shenhua baada ya Jean Tigana kuondolewa. Ndipo akarudi nyumbani kuchukua AS Vita Club ya Kinshasa. Wengi wetu huku Kivu hatukumjua. Tulijua tu kwamba Vita wamepata kocha asiyepiga kelele pembeni mwa uwanja.

Mwaka 2014 ndio uliomtambulisha. Vita walifika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Walitoka 2-2 na Entente Sétif mjini Kinshasa, wakaenda Algeria wakatoka 1-1, na kombe likabaki kwa Waalgeria kwa hesabu ya magoli ya ugenini. Hawakufungwa hata mechi moja katika fainali hiyo, na bado wakarudi mikono mitupu. Jambo hilo, kuwa karibu na kukosa, litamfuata Ibenge miaka mingi.

Mwaka huohuo akapewa na timu ya taifa, huku akiendelea na Vita. Mechi iliyofanya watu waanze kumwamini ilichezwa Abidjan, mwezi wa Oktoba 2014: Côte d'Ivoire 3, Congo 4. Wavoari hao walikuwa wametufunga Kinshasa siku chache kabla. Tukafuzu Kombe la Afrika kama timu bora kati ya zilizoshika nafasi ya tatu.

Januari 2015: mji umefungwa, redio imefunguliwa

Nani hakumbuki Januari 2015? Léopards walicheza na Zambia siku ya Jumapili tarehe 18, wakatoka 1-1. Kesho yake maandamano juu ya sheria ya uchaguzi yakaanza Kinshasa, yakafika Goma na huku kwetu. Intaneti ikakatwa. Maduka yalifungwa, wazazi waliwazuia watoto kutoka. Katika hali hiyo timu ikatoka sare na Cap-Vert, ikatoka sare na Tunisia, ikavuka kundi bila kushinda hata mechi moja. Watu waliicheka. Wengine walisema ni timu ya sare.

Kisha ikaja tarehe 31 Januari, huko Bata, robo fainali na ndugu zetu wa Congo-Brazzaville. Dakika ya 62 tulikuwa nyuma 2-0. Katika nganda moja karibu na Place Major Vangu, watu walianza kulipa na kuondoka. Walioondoka wanajuta mpaka leo. Mbokani akafunga, Bokila akasawazisha, Kimwaki akatia la tatu kwa kichwa, Mbokani akamaliza: 4-2. Magoli manne ndani ya nusu saa. Usiku ule mji uliokuwa umenyamaza kwa woga ukatoka nje. Wamotari walipiga honi kuanzia Nyawera mpaka Essence, na hakuna aliyeuliza huyu ni wa upinzani au wa serikali.

Nusu fainali tulipoteza kwa Côte d'Ivoire, 3-1. Halafu, tarehe 7 Februari, tukawatoa wenyeji Guinée Equatoriale kwa penalti, na Kidiaba akarukaruka kwa makalio kama kawaida yake. Tangu mwaka 1998 Congo haikuwa imefika nafasi ya tatu.

CHAN 2016: safari ya Huye

Lakini kwetu sisi wa mashariki, Ibenge ni CHAN. Hilo halina mjadala.

Mashindano ya wachezaji wanaocheza ndani ya nchi yalipangwa Rwanda, Januari 2016, na kundi letu likapangwa Huye. Kutoka Bukavu unavuka mto Ruzizi, unapita Kamembe, unakata msitu wa Nyungwe, na unafika Huye kabla hujafika Kigali. Kwa mara ya kwanza katika maisha ya wengi wetu, timu ya taifa ilicheza karibu na nyumbani kuliko Kinshasa. Kinshasa ni kwa ndege, na tiketi ya ndege si ya muuza sambaza. Huye ilikuwa kwa basi.

Basi tukavuka. Asubuhi ya mechi na Éthiopie, foleni ya mpakani Ruzizi ya kwanza ilikuwa ya bluu na nyekundu. Watu walionyesha kadi zao za uchaguzi, wakachekiwa, wakapita na bendera mabegani. Unajua historia yetu na mpaka ule. Mnamo 1996 na 1998 vita viliingia kwa upande huo. Kuna mama mmoja wa Kadutu aliyepoteza watu wake katika miaka hiyo, aliyekuwa ameapa kwamba hatakanyaga ng'ambo. Alikanyaga kwa ajili ya mechi. Alisema baadaye kwamba hakwenda Rwanda, alikwenda kwa Ibenge.

Tuliwafunga Éthiopie 3-0, tukawafunga Angola 4-2. Cameroun wakatufunga 3-1, na safari ya kurudi usiku ule kupitia Nyungwe ilikuwa kimya kama msiba.

Kumbe yaliyobaki ndiyo makubwa. Robo fainali ikaja: Rwanda na Congo, Kigali, uwanja wa Amahoro, tarehe 30 Januari. Hakuna mechi ambayo watu wa Goma na Bukavu waliiogopa kama hiyo. Haikuwa hofu ya kufungwa peke yake. Wazazi walijiuliza nini kitatokea tukishinda, na nini kitatokea tukishindwa. Doxa Gikanji akafunga mapema, Sugira akasawazisha, ikaenda muda wa ziada, na Padou Bompunga akamaliza kazi: 2-1. Mashabiki wa pande zote mbili wakatoka uwanjani wakarudi makwao. Wale waliokuwapo wanasimulia Wanyarwanda waliowapa mkono wa pongezi. Wanasimulia pia matusi machache, maana kabumbu ni kabumbu. Lakini hawakusimulia damu.

Nusu fainali na Guinée ilitumaliza nguvu. Tulikuwa mbele katika muda wa ziada, wakasawazisha mwishoni kabisa, tukapita kwa penalti 5-4. Na fainali, tarehe 7 Februari, Mali hawakuwa na la kusema: Meschack Elia mara mbili, Jonathan Bolingi mara moja, 3-0. Congo ikawa nchi ya kwanza kutwaa CHAN mara mbili, baada ya ile ya 2009.

Alichofanya ambacho hakionekani kwenye matokeo

Kuna jambo ambalo mashabiki wazee hulitaja na vijana hawalioni. Mei 2014, katika mechi ya Vita na Mazembe kwenye uwanja wa Tata Raphaël, watu 15 walikufa kwa msukumano baada ya fujo. Chuki kati ya Kinshasa na Lubumbashi ilikuwa imefika hapo. Miezi michache baadaye, kocha wa Vita ndiye aliyepewa timu ya taifa. Wengi walidhani atajaza watu wake.

Hakufanya hivyo. Golini alimpanga Kidiaba wa Mazembe mwaka 2015, na Matampi mwaka 2016. Kimwaki, Elia na Bolingi, wote walikuwa wa Mazembe. Aliwachanganya na wa Vita na wa Motema Pembe, na hatukusikia kelele kutoka chumbani kwao. Katika nchi ambayo kila kiti hugawanywa kwa jimbo na kabila, hilo si jambo dogo.

Lawama nazo zina haki yake

Tusimpake mafuta tu. Lawama ya kwanza ni kwamba alishika kazi mbili, Vita na taifa, kwa karibu miaka mitano. Wanaomlaumu wanauliza: mtu mmoja anaweza kuhudumu harusi mbili siku moja?

Lawama ya pili ina tarehe: 5 Septemba 2017, uwanja wa Martyrs. Tulikuwa mbele ya Tunisia 2-0 katika kutafuta tiketi ya Kombe la Dunia la Urusi. Zilibaki kama dakika kumi na tano. Tunisia wakarudisha yote mawili ndani ya muda mfupi mno. Mwisho wa kundi Tunisia walituzidi kwa pointi moja. Hesabu ni rahisi na inauma: kama tungeilinda ile 2-0, Congo ingerudi Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1974. Wako mashabiki ambao hawajamsamehe kwa mabadiliko ya siku ile. Mwaka huohuo, Januari, tulikuwa tumeongoza kundi letu kwenye Kombe la Afrika huko Gabon, watu wakicheza "Fimbu", Kabananga akiwa mfungaji bora, kisha Ghana wakatutoa 2-1.

Lawama ya tatu ni Misri 2019: Ouganda walitufunga 2-0, Misri 2-0, tukaamka na kuwafunga Zimbabwe 4-0, halafu Madagascar, waliokuwa wanashiriki kwa mara ya kwanza, wakatutoa kwa penalti. Agosti ya mwaka huo akajiuzulu.

Na iko lawama ya nne, ya kwetu sisi. Mashabiki wa Muungano na wa Bukavu Dawa husema kwamba macho yake hayakufika huku. Timu ya CHAN iliyochezea mlangoni petu ilikuwa ya wachezaji wa Kinshasa na Lubumbashi. Ni kweli. Lakini mwenye haki aongeze hili: kijana wa Kivu alihitaji kwanza viwanja na ligi ya kumwonyesha, na hayo si kocha anayeyajenga.

Baada ya kuondoka

Akiwa Vita alitwaa ubingwa wa Congo mara tatu, 2015, 2018 na 2021, na akakosa tena kombe la Afrika mwaka 2018, Raja walipowazidi kwa jumla ya 4-3. Ndugu zetu wa Tanzania wanamjua: aliwafunga Simba 5-0 Kinshasa mwaka 2019, nao wakamlipa 2-1 Dar es Salaam. Mwaka 2022, akiwa na RS Berkane ya Morocco, hatimaye akalishika kombe la Shirikisho. Kule Bukavu kuna waliosherehekea timu ya Berkane ambayo hawakuijua hata mji wake.

Kisha akaenda Al Hilal ya Omdurman. Aprili 2023 vita vikalipuka Soudan, na timu yake ikawa haina nyumba. Ikacheza mechi za nyumbani katika nchi za watu, ikaenda mpaka Mauritanie, na bado akaifikisha mbali katika Ligi ya Mabingwa. Mwaka 2025 akatua Dar es Salaam kuifundisha Azam FC.

Hiyo ya Al Hilal ndiyo inayotugusa zaidi sasa. Januari na Februari 2025, Goma kisha Bukavu ziliingia mikononi mwa M23. Tulijua tena maana ya timu isiyo na uwanja, na ya mchezaji asiyejua kama mama yake amelala wapi. Yule mama wa Kadutu aliyevuka kwenda Huye aliulizwa hivi karibuni kama angevuka tena leo kutazama Léopards. Alikaa kimya muda mrefu. Akajibu kwamba bendera yake bado anayo, ameikunja chini ya nguo, na kwamba siku atakayoitoa tutajua wenyewe kwamba mambo yametengemaa.

Je, Ibenge ni kocha bora kuliko wote waliopita Léopards? Wazee watakutajia waliotwaa Kombe la Afrika 1968 na 1974, na hapo nyamaza. Lakini hao walitupa makombe yaliyochezwa mbali. Huyu alitupa siku chache ambazo mtu wa Bukavu alipita mpakani kichwa juu, bila mzigo wa kukimbia nao, akienda tu kushangilia. Sisi tunamkumbuka kwa hilo.