Upanga, Sihri na Uhaba: Tarikhi ya Sinema za Mashujaa Zilizotengenezwa kwa Fedha Kidogo

Mwezi wa Aprili 1982, wiki chache kabla ya Conan the Barbarian ya John Milius kufunguliwa katika majumba ya sinema ya Marekani kwa vishindo vya matangazo, ilitangulia sinema nyingine iitwayo The Sword and the Sorcerer, kazi ya kwanza ya kijana Albert Pyun, ambayo gharama yake, takriban dola milioni 4, ilikuwa kama humusi ya gharama ya Conan. Wahakiki wengi waliidharau. Lakini ilivuna zaidi ya dola milioni 35 katika nchi yake, na zaidi ya miaka arobaini imepita ilhali wapenzi wake hawajakoma. Yasemwa mara kwa mara kwamba watu huzipenda sinema za namna hii kwa sababu ya ubovu wake, wapate kucheka. Sikubaliani na neno hilo hata kidogo. Mimi naona katika mapenzi yale heshima kwa kazi ya mkono, na naona pia kwamba hofu iliyomo ndani ya sinema hizi, ambayo ndiyo roho yake, aghalabu ilizaliwa na uhaba wenyewe.

Asili ya hofu hiyo ni ya kale kuliko shujaa wa sinema. Robert E. Howard, mwandishi wa Texas, alipomtoa Conan hadharani, Desemba 1932, alimtoa katika gazeti la Weird Tales, lililokuwa makao ya hadithi za mazimwi, wafu wafufukao na miungu ya giza, na ambamo H. P. Lovecraft naye alikuwa akiandika. Basi shujaa yule alilelewa katika nyumba ya vitisho, na hasimu wake tangu mwanzo alikuwa mchawi asemezanaye na yasiyoonekana. Msomaji wetu aliyekulia katika Alfu Lela Ulela hataona ugeni hapo, kwani safari za Sindbadi nazo zimejaa viumbe vya kuogofya, na fundi wa hila za picha Ray Harryhausen alipozitia katika The 7th Voyage of Sinbad mwaka 1958, akakisogeza kiunzi cha mifupa chenye upanga picha baada ya picha mpaka kikaonekana kupigana na mtu mzima, aliwaonyesha waliomfuata kwamba subira ya fundi mmoja yaweza kufanya kazi ya jeshi zima.

Waitalia walilifahamu hilo mapema. Baada ya Hercules ya mwaka 1958, aliyoichezea Steve Reeves, mafundi wa Roma walitoa misuli na mahekalu kwa wingi usiokadirika, na nyingi katika kazi zile zimesahauliwa kwa haki. Mario Bava, aliyekuwa mpiga picha kabla hajawa mwongozaji, mwaka 1961 alimpeleka Herkule kuzimu, akamweka Christopher Lee kuwa mwovu wa kisa, na kwa kuwa hakuwa na fedha za kujenga ahera, aliijenga kwa taa: nyekundu huku, kijani kule, moshi chini, na kiza mahali ambapo ukuta ungeonekana kuwa si ukuta. Ahera ile haina mipaka kwa sababu hatuoni ilipoishia.

Niirudie kazi ya Pyun, kwani mlango wake ni mmoja wa milango mizuri kabisa ya fani hii. Mfalme Cromwell anafika usiku katika kaburi la mchawi Xusia, aliyelala karne nyingi, naye ajuza mmoja anasoma maneno ya kumwamsha. Jeneza limefunikwa kwa nyuso zilizochongwa, na nyuso zile zinaanza kupumua, kujipinda na kulia. Hapana hila kubwa pale, na hata mtoto ajua kuwa ni nyuso za watu waliopakwa rangi. Walakini mwili unasisimka, kwa sababu kinachojongea ni nyama hai. Ustadi huo ulilipiwa kwa thamani isiyopasa kulipwa: mwaka 1981, wakati wa kupiga picha, mrukaji Jack Tyree aliruka kutoka jabalini, akaukosa mto wa hewa uliowekwa kumpokea, akafariki. Haifai kuisifu kazi ile bila ya kumtaja marehemu.

Mwaka 1983 alikuja Lucio Fulci, bingwa wa Kiitalia wa wafu wafufukao, aliyekwisha kuwatisha watu kwa Zombi 2 na L'aldilà, akatoa Conquest. Kijana aitwaye Ilias anaingia nchi isiyo na sheria akiwa na upinde wa ajabu utoao mishale ya nuru. Mwanamke mwovu, Ocron, aliyefunika uso kwa kinyago cha dhahabu, ameota kuwa upinde ule ndio utakaomwua, naye anatuma majini na mbwamwitu wenye umbo la watu kumsaka. Sinema yote, tangu mwanzo hata mwisho, imezama katika ukungu mzito kiasi cha watazamaji wengi kulalamika kuwa hawaoni kitu. Kwangu ukungu ule ndio kisa chenyewe, kwani Fulci ametengeneza dunia ambayo jua lake halijakomaa, na ndani yake akathubutu jambo ambalo tajiri mwenye mamilioni hamruhusu mtu kulifanya: anamwua kijana wetu, kichwa kinakatwa, na kabla kisa hakijaisha sahibu yake Mace analazimika kuuchoma mwili, kujipaka majivu yake na kuushika upinde aende akaimalize vita isiyokuwa yake. Nimetazama sinema za gharama mara mia zaidi zisizokuwa na dakika moja ya huzuni iliyo sawa na ile.

Kanda za video ndizo zilizoziweka hai kazi hizi. Maduka ya kukodisha yalipoenea katika Marekani na Ulaya katika miaka ya 1980, yalihitaji sinema nyingi kuliko zile ambazo makampuni makubwa yaliweza kutoa, na mkodishaji aliyesimama mbele ya rafu aliamua kwa picha ya jalada. The Beastmaster ya Don Coscarelli, iliyopigwa picha na John Alcott mwenye tuzo ya Oscar, na ambamo chui milia alipakwa rangi nyeusi, haikupata makuu katika majumba ya sinema mwaka 1982. Televisheni za kulipia ndizo zilizoirudia usiku na mchana hata watoto wakaihifadhi. Katika miaka ya 1990 kipindi cha Mystery Science Theater 3000 kiliifanyia dhihaka Ator ya pili ya Joe D'Amato na Deathstalker ya tatu, na wengi walizifahamu kwa mlango huo. Ila kicheko cha saa moja hakiwezi kueleza kwa nini mtu anatunza kanda kwa miaka thelathini.

Lakini kisa chenye maana kupita vyote kilitukia Argentina. Roger Corman, mtayarishaji wa Marekani aliyejifunza katika sinema zake za Edgar Allan Poe tangu mwaka 1960 jinsi ya kuyatumia tena mapambo, ukungu na hata moto wa sinema iliyopita, alifanya mapatano na Aries, kampuni ya Buenos Aires ya Héctor Olivera na Fernando Ayala iliyoanzishwa mwaka 1956, kutoa mfululizo wa sinema za bei nafuu, kwa kuwa fedha ya nchi ile ilikuwa imeanguka na dola moja ilifanya kazi ya nyingi. Ndipo zilipotoka Deathstalker ya 1983, yenye mchawi Munkar anayekilisha macho ya watu kinyama alichokifungia sandukuni, na mpiganaji mwenye kichwa cha nguruwe. Ikaja The Warrior and the Sorceress, aliyoichezea David Carradine. Na nyinginezo zikafuata, hata muziki aliouandika James Horner kwa Battle Beyond the Stars ukasikika tena katika Wizards of the Lost Kingdom. Bango la Deathstalker lilichorwa na Boris Vallejo, mzaliwa wa Lima, nalo liliahidi dunia kubwa kuliko kamera ilivyoweza kuonyesha.

Huyu Olivera hakuwa mtu wa soko tu. La Patagonia rebelde yake, juu ya wafanyakazi waliogoma na kupigwa risasi kusini mwa nchi katika miaka ya 1921 na 1922, ilipewa Dubu wa Fedha mjini Berlin mwaka 1974, kisha ikapigwa marufuku kwao. Wanajeshi walitawala tangu 1976 hata 1983. Mwaka 1985 Olivera aliongoza Barbarian Queen kwa dola za Corman. Mwaka 1986 akatoa La noche de los lápices, juu ya wanafunzi wa La Plata waliotekwa na utawala ule, wakateswa, na wengine wasionekane tena. Mafundi wa kampuni moja walipitisha mikononi mwao mashimo ya mateso ya kubuni na yale yaliyokuwa kweli, na mtu akiyajua haya hawezi tena kuitazama jela iliyomo katika Barbarian Queen kwa moyo mwepesi.

Na hapo ndipo penye doa ambalo mapenzi yangu hayawezi kulifuta. Deathstalker na Barbarian Queen zinawanajisi wanawake mbele ya kamera kana kwamba ni pambo la karamu, na uhaba wa fedha si udhuru wa jambo hilo, kwa kuwa staha haina bei. Lana Clarkson, aliyecheza katika zote mbili, alikuwa na haiba ya kutosha kubeba sinema iliyo njema kuliko hizo.

Deathstalker iliendelea kuhama kufuata unafuu, ya tatu ikapigwa Meksiko mwaka 1988 na ya nne Bulgaria, kila moja dhaifu kuliko iliyotangulia. Mwaka 2025 Steven Kostanski wa Kanada aliitengeneza upya, Daniel Bernhardt akiwa shujaa, na mazimwi yake, katika zama ambazo kompyuta ingeweza kuyatoa yote, yamefanywa kwa mpira, gundi na watu waliovikwa ngozi bandia.