UZI: Hospitali imejengwa, lakini ndani kunafanyika nini?

1. Wadau, tuendelee na mfululizo wetu wa mambo yanayorudi kila msimu wa siasa. Leo ni afya. Sheria ni ile ile: hapa hakuna jina la mwanasiasa wala la chama. Ukileta jina kwa majibu nakupita tu. Chukua chai, uzi ni mrefu kidogo.

2. Huku kwetu Merigi, Bomet, ahadi ya afya huja na sura moja: jengo. Wodi mpya, mashine mpya, utepe unakatwa, picha zinapigwa. Anayepinga naye anauliza, mbona jengo halijaisha? Yaani pande zote mbili zinabishana juu ya mawe na mabati. Mimi nauliza jambo lingine. Mgonjwa akishapita mlangoni, anahudumiwa vipi?

3. Kwa nini nauliza. Kogo wangu, nyanya mzaa mama, alijikata mguu na jembe. Tukampeleka kituo kilichokuwa kimefunguliwa miezi michache tu, rangi bado inanukia. Sinki ilikuwepo, stika ya dukani haijabanduliwa. Ukifungua mfereji, hakuna hata tone. Nesi alikuwa mmoja na foleni imefika nje. Alimfunga kogo kidonda kwa mikono ile ile iliyotoka kwa mgonjwa mwingine.

4. Siku ya tano mguu ulikuwa umevimba. Alilazwa hospitali nyingine wiki tatu na kidole kimoja kikakatwa. Siwezi kuthibitisha kwamba ni ile mikono iliyoleta shida, kidonda cha jembe huwa kina udongo tayari. Lakini fikiria: eneo linalonyeshewa karibu mwaka mzima, mashamba ya chai ni shahidi, halafu sinki mpya ya hospitali haina maji.

5. Sasa turudi nyuma. Tenwek, hospitali inayojulikana sana hapa Bomet, ilianzishwa na wamishonari mwaka 1937. Daktari wake wa kwanza wa kudumu, Ernest Steury, alifika 1959. Hesabu: miaka 22. Kwa hivyo wazee wetu walijua mapema kwamba mlango wa hospitali kuwa wazi ni jambo moja, na aliyesimama ndani ni jambo lingine.

6. Ukivuka upande wa Kericho kuna funzo la pili. Hospitali za mashamba ya chai ziliweka rekodi za wagonjwa wa malaria mwaka baada ya mwaka, na watafiti wakaweza kuzifuatilia kuanzia 1965. Malaria ilipoongezeka huku milimani, wengine walilaumu joto, wengine wakalaumu klorokwini iliyoacha kufanya kazi. Ubishi ulikuwa mkali, lakini angalau ulikuwa na daftari la kurejelea. Mwaka 1998 Kenya iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria. Bila rekodi, watu wangebaki kubahatisha.

7. Kwenye siasa za kitaifa, mjadala ulikwama kwa pesa ya mlangoni. Mwaka 1965 serikali iliondoa ada za wagonjwa wa nje. Desemba 1989 ada zikarudishwa kwa jina la kugawana gharama, 1990 zikasimamishwa kwa wagonjwa wa nje, baadaye zikarudi tena. 2004 ikaja sera ya shilingi 10 kwa dispensari na 20 kwa kituo cha afya. 2013 kujifungua kukawa bure kwa hospitali za umma, na hizo 10 na 20 zikafutwa.

8. Sisemi pesa si muhimu. Mama anayelipa kwa bonasi ya majani chai anajua. Ila angalia: karibu miaka 50 tumebishana mgonjwa aingie kwa shilingi ngapi, na mara chache sana tumeuliza ameingia kwa huduma gani. Wizara ilikuwa na mwongozo wa ubora tangu 2001, ukaja kuboreshwa baadaye. Umewahi kuusikia kwa mkutano wa hadhara? Mimi bado.

9. Watafiti waliuliza. Kazi iliyochapishwa 2004 kuhusu watoto wanaolazwa katika hospitali za wilaya ilionyesha kasoro za mambo ya msingi kabisa: mtoto hajapimwa inavyotakiwa, faili haina maelezo ya kutosha.

10. Ndipo likaja jaribio ambalo kila mtu anayebishana juu ya afya angepaswa kulijua. Hospitali 8 za wilaya, za mashambani, kuanzia 2006. Zote zilipewa miongozo ya matibabu na mafunzo. Lakini 4, zilizochaguliwa kwa kura, zilipewa zaidi: mafunzo marefu, mtu wa hapo hapo hospitalini wa kusukuma kazi, usimamizi, na kurudishiwa matokeo yao ana kwa ana. Zile 4 nyingine zilitumiwa ripoti ya maandishi.

11. Baada ya mwaka mmoja na nusu: mambo ya lazima ya kukagua mtoto anapolazwa yalikamilika kwa asilimia 94 hivi, dhidi ya 65 kwa zile nyingine. Watoto waliopewa kwinini kupita kiasi walikuwa asilimia 1, dhidi ya 7.5. Waliopewa dozi pungufu ya gentamaisini walikuwa asilimia 2.2, dhidi ya 9.

12. Soma tena hizo namba za dawa. Kwinini ikizidi inaweza kumuua mtoto aliyekuja kuokolewa nayo. Na tofauti kati ya hospitali hizi haikuwa jengo jipya. Ilikuwa watu kufundishwa vizuri, kufuatiliwa, na kuonyeshwa kazi yao bila kufichwa. Hakuna utepe wa kukata hapo, ndio maana hausikii.

13. Turudi kwa sinki. Mwaka 2015 watafiti walifuata wagonjwa ndani ya vituo vya afya Kakamega, Kilifi na Meru, wakitazama kanuni za kuzuia maambukizi. Usalama wa sindano na kutoa damu: kanuni zilifuatwa kwa asilimia 87 hivi. Kunawa mikono: karibu asilimia 2. Nimeandika mbili, sijakosea.

14. Hapa wengi hukimbilia kulaumu manesi. Tulia kwanza. Wahudumu hao hao walifika 87 kwa sindano. Kwa nini? Miaka mingi ya hofu ya ukimwi ilileta sindano za kutumika mara moja, visanduku vya kuzitupia, mafunzo na usimamizi. Kitu kilipewa vifaa na ufuatiliaji kikafanyika. Maji kwa mfereji hayakupewa uzito huo.

15. Mwaka huo huo wa 2015, mpango wa kitaifa wa kukodi mashine za hospitali ulianza, hospitali mbili kwa kila kaunti. Seneti ikaja kuuchunguza, na ripoti ya 2020 ikaeleza kwamba kuna mahali mashine zilikaa bure kwa kukosa umeme, nafasi au wataalamu. Mashine ilifika, iliyokosa kufika ni huduma.

16. Je, ukaguzi unasaidia? Kwa kaunti zile zile tatu, vituo vya umma na vya binafsi zaidi ya 1,300 viliingizwa kwa jaribio. Baadhi vilikaguliwa mara kwa mara kwa orodha moja ya alama, na tarehe ya kurekebisha makosa. Usalama wa mgonjwa uliongezeka, hasa kwa vituo vya binafsi. Malipo ya wagonjwa hayakupanda. Yaani ile hoja ya "mkitukagua tutapandisha bei" haikusimama.

17. Na si Kenya peke yake. Mwaka 2018 tume ya jarida la Lancet ilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, vifo milioni 5 kwa mwaka vinatokana na huduma mbovu kwa watu waliofika hospitalini, na milioni 3.6 kwa kutofika kabisa.

18. Najua jibu litakalokuja: "Wewe ni wa chuo, huku kwetu hata dispensari iko mbali." Ni kweli, na hiyo milioni 3.6 ni watu. Jengo linahitajika. Lakini anayekuambia jengo limemaliza kazi, mkumbushe ile milioni 5. Hao walifika.

19. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inatupa haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa. Neno ni kiwango. Na tangu 2013 huduma nyingi ziko kwa kaunti, kwa hivyo wa kuulizwa yuko karibu, hata baraza la wadi linatosha.

20. Kwa mkutano ujao, mwulize mgombea yeyote: Maji hukatika siku ngapi kwa mwezi? Nesi ni wangapi kwa zamu ya usiku? Ukaguzi wa mwisho ulikuwa lini, na alama ni ngapi? Ukinyimwa jibu, kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016, unaandika barua.

21. Mimi nimeandika yangu kuhusu ile sinki. Bado nangoja jibu. Kogo anatembea, ila viatu vya mvua vya kuchumia majani chai vinamuumiza upande ule. Nikijibiwa nitaweka hapa. Na wewe, kituo cha kwenu mfereji unatoa maji? Taja kaunti tu, usitaje jina la mhudumu.