Miezi sita ya kuhubiri, miaka 30 ya buloko



Tangu mwaka 2023, tarehe 6 Aprili inchi yetu inapumzika kwa kumukumbuka Simon Kimbangu. Wengi wetu hapa Lubumbashi tunabaki nyumbani, tunafua nguo, na hatujiulizi mutu yule wa Bas-Congo anatuhusu nini. Anatuhusu. Alifungwa katika muji wetu karibu miaka 30, na ni hapa alikufa tarehe 12 Oktoba 1951, wakati muji uliitwa Elisabethville.

Tuseme kwanza neno moja ili mutu asikwazwe. Sisi Wapentekote hatufuati mafundisho ya kanisa lenye kubeba jina lake. Lakini mutu aliyefungwa mwaka 1921 alikuwa mukristo aliyebatizwa na Wabatisti mwaka 1915, na aliyehubiri Yesu.

Alipoitwa, alikimbia kama Yona. Alienda Kinshasa kutafuta kazi, lakini mwito ukamufuata huko. Akarudi kijijini kwake Nkamba, na tarehe 6 Aprili 1921 akaombea mwanamuke mugonjwa. Watu wakashuhudia kwamba amepona. Makundi yakaja. Aliwaambia watupe manga, waache kuoa wake wengi, waache ngoma za zamani. Wafanyakazi wakaacha mashamba ya wazungu, Bula Matari akaogopa.

Mwezi wa sita askari walikuja kumukamata, akawaponyoka. Miezi mitatu watu walimuficha. Halafu mwezi wa tisa alirudi Nkamba mwenyewe, akajitoa mikononi mwao. Hapo tunapenda kusimama kidogo, ndugu. Mutu aliyekimbia mwito wa Mungu mara ya kwanza, safari hii alikuwa na njia ya kukimbia na hakuitumia.

Tribinali ya jeshi ilimuhukumu Thysville, ndiyo Mbanza-Ngungu ya leo, bila mwanasheria wa kumutetea. Tarehe 3 Oktoba wakatoa azabu: fimbo 120, kisha kifo. Mufalme Albert wa Ubelgiji akageuza kifo kuwa kifungo cha maisha. Basi wakamuleta huku kwetu, kilometa zaidi ya 1,500 kutoka nyumbani kwake.

Tuhesabu vizuri. Kazi yake ya kuhubiri haikufika miezi sita. Katika mikutano yetu tunapenda ile miezi: mugonjwa anasimama, watu wanajaa, vigelegele vinapigwa. Miaka 30 tunaipita haraka. Tunahubiri Yusufu aliyetoka kifungoni akawa mukubwa wa Misri. Ni mara ngapi tumehubiri Yohana Mubatizaji, ambaye hakutoka?

Tunaandika haya kwa sababu ya ndugu mumoja wa ushirika wetu. Kazini walimuomba kutia mukono kwenye karatasi ya uongo, akakataa, wakamufukuza. Alifunga siku 21. Sisi wachungaji tukamwambia kwa nguvu kwamba mwisho wa mwezi mulango utafunguka. Mwisho wa mwezi umepita mara nyingi. Watoto wake wamefukuzwa shule kwa ajili ya minervali, na yeye anakuja ibada kila siku ya Mungu, anakaa nyuma, hatuulizi tena kitu. Tulimudanganya. Mungu hakutuambia tarehe. Tulipaswa kumwambia kwamba alifanya vema hata kama kazi hairudi, halafu kutoa mufuko wa unga.

Na kuna mutu tunayemusahau: muke wa Kimbangu, Marie Muilu. Alibaki Nkamba na watoto, Bula Matari akimuchunga, naye akiwashika waamini kwa siri. Mume wake alikufa mbali. Yeye alikufa Aprili 1959. Serikali ilikubali kanisa lao tarehe 24 Desemba mwaka ule ule, na mwaka 1960 mifupa ya mume ilitolewa hapa Lubumbashi, ikarudishwa Nkamba.