Kikulacho Ki Ndani ya Xbox

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mashine ya michezo ya video iitwayo Xbox, ile ya kwanza kabisa iliyoingia madukani Marekani tarehe 15 Novemba 2001, nayo ina kikulacho chake. Ni kapasita moja ndogo iliyolehemewa kwenye bodi kuu. Kazi yake ni moja tu: kuifanya saa ya mashine iendelee kwenda kwa muda mfupi pale waya wa umeme unapochomolewa ukutani. Haileti picha, haileti sauti, haichezeshi mchezo wowote. Lakini ndiyo hiyo hiyo ambayo miaka zaidi ya 20 baadaye inaziua mashine hizi moja baada ya nyingine.

Ndugu msomaji, usije ukadhani hii ni habari ya watoto na magemu yao. Ni historia ya jinsi binadamu alivyohangaika kuifundisha mashine kukumbuka saa ngapi, na gharama iliyokuja baadaye.

Tuanze na kapasita yenyewe. Kwa lugha ya mtaani, kapasita ni ndoo ya umeme: unaijaza, inakaa na chaji yake, kisha inaitoa inapohitajika. Babu yake alikuwa chupa. Mwaka 1745 Ewald von Kleist huko Pomerania, na mwaka 1746 Pieter van Musschenbroek katika mji wa Leiden, Uholanzi, kila mmoja kwa njia yake waligundua kwamba umeme unaweza kuhifadhiwa kwenye chupa ya kioo. Kipimo cha uwezo wa kapasita kinaitwa faradi, kwa heshima ya mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday. Faradi moja ni kitu kikubwa mno. Kapasita nyingi utakazozikuta ndani ya redio hupimwa kwa sehemu ya milioni ya faradi, na nyingine hata hapo hazifiki. Kwa muda mrefu, kupata faradi nzima kwenye kitu cha kuingia mfukoni ilikuwa ndoto.

Ndoto hiyo ilitimizwa na kaboni, ndugu wa mkaa. Mwaka 1957 Howard Becker wa kampuni ya General Electric alipata hataza ya kapasita iliyotumia kaboni yenye vitundu vingi. Siri iko kwenye vitundu hivyo. Gramu moja tu ya mkaa ulioandaliwa kitaalamu (si huu wa kupikia maharage) ina eneo la ndani linaloweza kuzidi mita za mraba 1,000, na chaji hukaa kwenye eneo hilo. Miaka ya 1960 kampuni ya mafuta ya Standard Oil of Ohio iliiendeleza kazi hiyo, na miaka ya 1970 kampuni ya NEC ya Japani ikanunua leseni na kuanza kuziuza kapasita hizo. Soko la kwanza lilikuwa lipi? Kulinda kumbukumbu na saa za vifaa vya elektroniki umeme unapokatika.

Maana saa ilikuwa tatizo la kweli. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 haikuwa na saa ya kudumu. Ukiiwasha, kitu cha kwanza ilichokuuliza ni tarehe, kisha muda, kama mtu aliyezinduka usingizini asijue yuko wapi. Mwaka 1984 IBM ikatoa modeli ya AT yenye saa iliyoendeshwa na betri, na tangu hapo kompyuta zikawa zinakumbuka zenyewe.

Hata hivyo betri nayo ina maradhi mawili. La kwanza, inakwisha. La pili, inaweza kuvuja. Wapenzi wa kompyuta ya Amiga 500 Plus ya mwaka 1991 wanalijua hilo la pili kwa uchungu, kwani betri ya kuchajiwa iliyolehemewa kwenye bodi yake imekwishaziharibu nyingi kwa kemikali zake. Watengenezaji wa mashine za michezo walichagua njia tofauti. Sega Saturn ya mwaka 1994 ilitumia betri bapa kama sarafu, ambayo mwenye mashine anaibadilisha mwenyewe. Dreamcast ya mwaka 1998, ya kampuni hiyo hiyo, ililehemewa betri ya kuchajiwa. Kwa mtu anayetazama haya yote, kapasita ya kaboni ilionekana kama jibu. Inaweza kujazwa na kumwagwa chaji mara mamia ya maelfu, na haihitaji mlango wa kubadilishia. Unaiweka kiwandani, unaisahau.

Xbox ikaja katika mazingira hayo. Wazo lilianza ndani ya Microsoft miaka ya mwisho ya 1990, likisukumwa na wahandisi Seamus Blackley, Kevin Bachus, Ted Hase na Otto Berkes. Bill Gates akaitangaza hadharani Machi 2000. Ukiifungua unakuta kompyuta ya kawaida iliyovaa kanzu nyingine: prosesa ya Intel ya megahezi 733, kumbukumbu ya megabaiti 64, na hadi diski ya gigabaiti 8. Hadi mwaka 2006 zilikuwa zimeuzwa zaidi ya milioni 24. Na kila moja ilikuwa na ile kapasita ya saa. Katika matoleo ya mwanzo ni ya faradi 1 na volti 2.5.

Sasa tuje kwenye ugonjwa. Miaka inavyopita, kizibo cha kapasita hiyo hulegea na kimiminika cha ndani kikaanza kutoka. Kinatambaa juu ya bodi, kinapenya chini ya rangi ya kijani, na kuanza kuzila njia za shaba ambazo ni nyembamba kuliko uzi. Kwanza huoni kitu. Halafu mashine inaanza vituko: inajiwasha usiku bila kuguswa, au inagoma kuwaka kabisa. Na usifikiri kuifungia kabatini kumeiokoa. Kapasita huvuja hata mashine ikiwa imelala, na hiyo iliyolala ndiyo haina mtu wa kuiona.

Hapa nitofautishe, kwa sababu mafundi wetu wa redio wanaujua ugonjwa mwingine wa kapasita. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 dunia nzima ilikumbwa na kapasita mbovu za alumini ambazo zilivimba vichwa na kupasuka ndani ya kompyuta, tivii na pawasapulai. Fundi aliziona kwa macho tu na kusema "hii imevimba." Kapasita ya saa ya Xbox haina huruma hiyo. Inaweza kuonekana nzima kwa juu huku chini yake bodi imekwishaanza kuoza.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Microsoft iliwahi kushughulikia hitilafu nyingine ya mashine hii. Februari 2005 ilitangaza kubadilisha bure nyaya za umeme za Xbox milioni 14.1 kwa hofu ya moto. Hatari ya moto ilionekana mapema, mashine zikiwa bado madukani. Uvujaji wa kapasita ni wa polepole, na umeenea wakati mashine zimekwishaachwa na soko. Hakuna dukani pa kuirudisha, hakuna warantii. Imebaki kazi ya mwenye mashine.

Unaweza kuuliza, kwani kuna hasara gani? Si utafute Xbox nyingine ya mtumba, mambo yaishe? Hapa ndipo penye uzito wa habari yenyewe. Hadi diski ya Xbox imefungwa kwa nywila, na nywila hiyo inapatikana kwa kutumia ufunguo uliohifadhiwa kwenye chipu ndogo juu ya bodi ya mashine hiyo hiyo. Hadi diski na bodi ni mke na mume. Bodi ikifa, hadi diski inabaki nzima lakini haifunguki kwenye Xbox nyingine. Ndani yake kuna michezo iliyohifadhiwa nusu njia, majina ya ndugu waliocheza pamoja, nyimbo walizonakili kutoka CD zao, na nyongeza za michezo walizopakua kwenye intaneti. Huduma ya Xbox Live kwa mashine hizi ilifungwa tarehe 15 Aprili 2010, kwa hiyo hizo nyongeza hazipatikani tena pale zilipotoka.

Bahati nzuri mlango haukufungwa kabisa. Mwaka 2002 Andrew Huang, aliyekuwa akisomea udaktari wa falsafa katika chuo cha MIT, aliunasa ufunguo wa siri wa mashine hii kwa kusikiliza mawasiliano kati ya chipu zake, na mwaka 2003 akachapisha kitabu kiitwacho Hacking the Xbox. Kazi ya watu kama yeye iliwafungulia wengine njia ya kuelewa mashine. Leo mwenye Xbox anaweza kunakili taarifa za ile chipu na kuziweka mahali salama. Wakati ule walionekana wahalifu na wengi. Leo ndio wanaowasaidia watunza historia.

Na tiba ya kapasita yenyewe? Ni rahisi mno ukilinganisha na madhara yake. Unachomoa umeme na kusubiri, kwa sababu pawasapulai ya ndani hukaa na chaji kali inayoweza kukudhuru, na haiguswi. Unafungua skrubu sita zilizojificha chini ya miguu ya mpira na karatasi za nembo, kisha unaondoa vilivyo juu ya bodi. Kapasita inatolewa kwa pasi ya kulehemu, sehemu yake inasuguliwa kwa mswaki na spiriti mpaka ing'ae, na njia za shaba zinapimwa kwa mita moja moja. Iliyokatika inaungwa kwa waya mwembamba. Ukitaka kuweka mpya, iwe ya faradi 1, volti zisipungue 2.5, na chanya ikae kwenye chanya. Toleo la mwisho, lile la 1.6, lilipewa kapasita imara zaidi, hivyo hiyo huachwa mahali pake.

Wengi hawaweki mpya kabisa. Matoleo hayo ya mwanzo yanafanya kazi vizuri bila hiyo kapasita. Tofauti pekee ni kwamba ukichomoa umeme, siku ya kurudisha mashine inakuomba uweke tarehe na muda upya, kama ilivyofanya IBM ya mwaka 1981. Hicho ndicho kitu ambacho kapasita hii iliwekwa kukizuia: usumbufu wa dakika moja. Kwa dakika hiyo moja, mashine nyingi zimekufa na kwenda na kumbukumbu za wenyewe.

Kama unayo, au mjomba wako kaiacha juu ya kabati, ipelekwe kwa fundi ingali inawaka. Ufa wa namna hii huzibwa kwa nusu saa ya kulehemu. Ukuta wake ukishaanguka, na ufunguo wa hadi diski ukapotea na bodi, hakuna fundi wa kuujenga tena.