Deraya Iliyogeuzwa Namba

Desemba 2000, theluji ikiwa magotini, mwenzangu wa zamu ya usiku alinipeleka nyumbani kwao St. Paul, Minnesota, nikajifunze kucheza mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons. Nilidhani nitakuta watu wanacheza. Nikakuta watu wazima watano wanagombana kuhusu deraya, na pitsa imeshapoa.

Vitabu vya toleo la tatu vilikuwa vimeanza kutoka Agosti. Tangu mchezo ulipochapishwa mwaka 1974, deraya iliyo bora ndiyo iliyokuwa na daraja la namba ndogo: mwanzoni asiyevaa kitu alikuwa na 9, aliyevaa mabamba ya chuma na kushika ngao alikuwa na 2. Wenzangu waliniomba radhi kwa upuuzi huo. Mimi sikuuona upuuzi wowote. Kwenye treni ya Kigoma daraja la kwanza lilikuwa likilipiwa zaidi ya la tatu, na hakuna abiria aliyeuliza kwa nini.

Isitoshe, jambo hilo lilizaliwa mjini mle mle. Dave Arneson, kijana wa St. Paul, alikuwa akiendesha mchezo wake wa Blackmoor tangu 1971, na mwenyewe alieleza kwamba wazo la daraja la deraya lilitoka katika kanuni zake za vita vya manowari. Alishirikiana na Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, nakala 1,000 za kwanza zikauzwa ndani ya masanduku.

Kizaazaa kilianza namba zilipopita sifuri kwenda chini. Toleo la pili, la mwaka 1989, liliifanya hesabu iitwayo THAC0 kuwa kanuni rasmi. Askari wako ana THAC0 ya 16, adui ana deraya 4: toa, dadu la pande 20 lionyeshe 12 au zaidi. Adui akiwa na hasi 2, kutoa kunageuka kujumlisha, unahitaji 18. Hapo ndipo wageni walipoaga.

Toleo la tatu likaipindua namba. Deraya 4 ikawa 16, na THAC0 16 ya askari wako ikawa nyongeza ya 4. Unarusha dadu, unaongeza 4 zako, ukifika 16 umempiga. Unahitaji 12 ile ile! Nilipolisema hilo, wote watano walinitazama kana kwamba nimekanyaga kete za bao.

Ugomvi wa 2008 naufahamu zaidi. Toleo la nne liligusa mchezo wenyewe: mchawi na askari walianza kupewa mbinu kwa mpangilio mmoja. Waliokataa wakapata mchezo wa Pathfinder mwaka 2009, uliojengwa juu ya kanuni za toleo la tatu. Kabla ya toleo la tano la mwaka 2014, wachapishaji walikuwa wameshawapa wachezaji rasimu waijaribu.

Lakini usiku ule ilikuwa hesabu tu. Walipiga kura saa saba kama wahamie toleo la tatu, wakakubali tatu kwa mbili. Mimi mgeni sikuhesabiwa. Mwenye nyumba, aliyekuwa akitoa THAC0 kichwani kabla dadu halijatulia, alishindwa. Alichukua karatasi mpya bila neno, akaandika 16 kwa kalamu ya wino. Chini yake, kwa penseli, akaandika 4.