Merikebu Iliyopita Nchi Kavu

Sisi tukaao Nanyala tu mbali na bahari, wala hatuna ziwa mbele ya milango yetu. Lakini tusidhani kwamba habari za vyombo vya majini hazituhusu, maana mpaka wa Tunduma una asili yake katika habari hizo.

Mwaka 1881 James Stevenson, tajiri wa Glasgow, alitoa fedha ili ikatwe njia baina ya ziwa Nyasa na Tanganyika, mwendo wa zaidi ya kilometa 300. Fundi wake, James Stewart, alifariki mwaka 1883, na njia haikumalizika. Hata hivyo merikebu ya moshi iitwayo Good News, mali ya London Missionary Society, ililetwa vipande vipande: kwa mito Zambezi na Shire, kwa ziwa Nyasa hata Karonga, kisha kwa vichwa na mabega ya wapagazi. Mwaka 1885 ikashushwa majini Tanganyika.

Basi, mwaka 1890 Uingereza na Udachi walipogawana nchi, mstari ulipigwa ili njia ile ibaki upande wa Waingereza. Wanyamwanga, waliokuwa watu wa nchi moja, wakajikuta pande mbili.

Jina la Stevenson tunalisoma vitabuni. Wapagazi wale hatuwasomi popote. Walimu wenzetu, tukiwaonyesha watoto mpaka ule, tusiache kuwaambia pia ni nani waliobeba chuma kile.